Ba anasema mwanangu ni mtoto wa amas, na mimi nimeanza kuamini

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Naomba usilitaje jina langu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dar es Salaam. Kwetu ni Tanga, nimelelewa kanisani. Mume wangu ni Mhindu wa hapa hapa. Babu yake ndiye aliyekuja kutoka Jamnagar, India; yeye mwenyewe ni mtoto wa Upanga. Tulifunga ndoa bomani, na miaka ya mwanzo tuliishi vizuri kuliko walivyotutabiria. Pasaka kwetu, Diwali kwao. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Ba, alinikataa kabisa mwanzoni, lakini nilipojifungua alikuja kunikanda kwa mikono yake, akanilea arobaini yote, na toka hapo tunaishi naye. Nayasema haya usije ukadhani namchukia.

Shida ni kuhusu mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, ana miaka saba. Ni mpole tangu uchanga. Mwalimu anasema akiulizwa swali anatazama tu mpaka wenzake wanaanza kucheka. Usiku huamka analia na hawezi kusema ameota nini. Mdogo wake wa kike ana miaka minne na anaongea kumzidi.

Alipozaliwa hakutengenezewa janmakshar, ile karatasi ya nyota ya kuzaliwa, kwa sababu mume wangu hakutaka. Mwaka jana ripoti ya shule ilipokuja mbaya, Ba aliniuliza saa aliyozaliwa, nikamtajia, naye akampigia simu mnajimu wa ukoo wao aliyeko Rajkot. Jibu lilikuja kwa WhatsApp: picha ya mraba uliokatwa vyumba kumi na viwili, pamoja na ujumbe wa sauti mrefu kwa Kigujarati. Nusu alinitafsiria mume wangu, nusu Ba.

Mnajimu amesema mtoto amezaliwa amas, siku ambayo Mwezi hauonekani kwa kuwa umekwenda kukaa na Jua. Kwenye karatasi yake Surya na Chandra, yaani Jua na Mwezi, wako chumba kimoja, cha sita, ambacho ni cha magonjwa, madeni na maadui, katika rashi (nyota) ya Karka, yaani Kaa. Jua ni roho na ni baba. Mwezi ni akili na ni mama. Mwezi uliosogelea Jua kiasi hicho umeungua, hauna nuru ya kumpa mtoto, kwa hiyo akili yake itakuwa ya woga, na wazazi wa mtoto wa amas huandamwa na ufukara. Ba alipofika hapo alilia, maana duka letu la vifaa vya umeme lilianza kuyumba mtoto akiwa bado ananyonya, na mwishowe tukalifunga. Mume wangu sasa ameajiriwa kwa mjomba wake.

Inatakiwa ifanyike shanti puja ya kutuliza hizo sayari, na mtoto avae pete ya fedha yenye lulu kidole kidogo, avalishwe siku ya Jumatatu. Ukijumlisha maharaj wa kuendesha ibada, vifaa, sadaka na pete, ni kama milioni nne. Mume wangu anasema, "Fanya tu tumalize, mama ana presha." Mama yangu mzazi kasikia, kanipigia simu kutoka Tanga, ananiambia huo ni ushirikina na nisithubutu kumfunga mjukuu wake vitu mwilini.

Usiku wote wakilala mimi nafungua video za wanajimu. Nimeshajua mambo ambayo sikuwahi kuyajua, na kila nikijua moja naogopa mawili. Mtoto akilia nauona Mwezi ulioungua. Nakumbuka vizuri usiku ule: uchungu ulinianza baada ya chakula cha jioni, nikajifungua saa nane na robo usiku, kulipokucha Ba alikuwa wa kwanza kuingia wodini na chupa ya uji. Sasa nikiitazama hiyo karatasi, juu imeandikwa jina lake, Dar es Salaam, tarehe, 20:15, halafu namba nyingi nisizozielewa, naona kama usiku ule si wangu tena.

Wiki iliyopita namwogesha, akaniuliza, "Mama, duka la baba lilifungwa kwa sababu yangu?" Sijui alisikia wapi. Nilimmwagia maji kichwani nikajifanya sikusikia.

Kuna jingine naona aibu kuliandika. Mnajimu amesema katika nyota hii mama huunguzwa na baba, sauti yake inazimika. Nilipotafsiriwa nilitetemeka, kwa sababu ndivyo ninavyojisikia. Niliacha kazi mtoto wa pili alipozaliwa. Mambo ya nyumba yanaamuliwa mezani kwa Kigujarati, mimi naletewa uamuzi pamoja na vyombo vya kuosha. Sasa najiuliza, kama hilo amelipatia, hayo mengine si kweli pia?

Nikubali puja? Nikikataa na mtoto akapatwa na jambo nitasema nini? Je, Jua na Mwezi kukaa pamoja maana yake ndiyo hiyo?

Mama Njia Panda, Dar es Salaam

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole.

Kabla sijagusa Jua wala Mwezi, kuna swali la mtoto limekaa bila jibu. Usilisubirishe mpaka mkubaliane kuhusu puja. Leo ukimwogesha mwambie kwa maneno mepesi: lile duka lilifungwa kwa sababu za watu wazima, za bei, za wateja na za kodi ya fremu, na mtoto hawezi kufunga duka. Kisha mwombe baba yake amwambie hivyo hivyo, kwa sababu duka lilikuwa lake na mtoto ataamini zaidi likitoka kwake. Unaweza kuniambia kwamba hamjakubaliana kama ni kweli au si kweli. Sawa, lakini hata Ba, kwa jinsi ulivyomweleza, sidhani kama angependa mjukuu wake alale na mzigo huo. Mtoto wa miaka saba anayeamka usiku analia, na mchana anajiuliza kama yeye ndiye aliyewafukarisha wazazi wake, ana sababu ya kulia iliyo karibu kuliko nyota.

Sasa hiyo amas. Nimekaa na watu wa imani hiyo miaka mingi kiasi cha kujua kwamba mnajimu wa Rajkot hakutunga. Katika unajimu wa Kihindi mwezi mmoja wa kalenda hugawanywa siku 30 ziitwazo tithi, na kila tithi ni Mwezi kujitenga na Jua kwa nyuzi 12. Amas, au amavasya, ni ile ya 30, Mwezi unapolirudia Jua mpaka wanakutana. Wanasema Mwezi hupata nguvu kwa kuwa mbali na Jua, kwa hiyo siku ya amas uko chini kabisa, na ukiwa ndani ya nyuzi 12 huhesabiwa umeunguzwa. Kitabu chao kikubwa kinachohusishwa na mwenye hekima Parashara kinautaja uzazi wa amas pamoja na ufukara, na kinaeleza shanti yake. Basi alichokuambia kimo.

Ila humo humo mna mengine ambayo hukutafsiriwa, au pengine hayakusemwa. Karka ni rashi ya Mwezi mwenyewe, ni nyumbani kwake. Kwa kanuni zao, Mwezi wa mtoto wako ni dhaifu kwa siku lakini una nguvu kwa mahali, na mnajimu makini huyapima yote mawili kabla ya kufungua mdomo. Jua na Mwezi kwao ni marafiki, tena wote wana hadhi ya kifalme, kwa hiyo wako wanaosoma mkutano wao kama mtu mwenye nia moja, ambaye anachokitaka na anachokihisi havivutani. Hutazama pia sayari nyingine, hasa Guru, yaani Mshtarii, kama anaielekea nyumba hiyo. Ukiwapelekea wanajimu watatu karatasi hiyo moja, usishangae ukirudi na watoto watatu tofauti.

Halafu kuna Diwali. Familia unayoishi nayo ni ya maduka, kwa hiyo umeshaona wanavyofanya: usiku ule vitabu vipya vya hesabu huwekwa mbele ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa utajiri, taa zikawashwa, mwaka wa Kigujarati ukaanza baada ya hapo. Usiku huo ni amas. Ni amas ya mwezi wa Aso, Jua na Mwezi wakiwa pamoja, na kwa kawaida wanakuwa katika Tula, yaani Mizani, ambayo ndiyo rashi Jua linayohesabiwa kuwa dhaifu kuliko zote. Kwa hiyo usiku ambao wafanyabiashara huomba utajiri ni wa mkutano uleule unaodaiwa kuleta ufukara. Silileti hili umshinde Ba kwa hoja. Nalileta kwa sababu yeye analijua kuliko mimi na wewe, na huenda ndiye mtu wa kumweleza mjukuu wake kwa nini taa huwashwa usiku huo. Akimweleza yeye, mtoto atalisikia neno amas kutoka kwa bibi yake likiwa na taa na peremende, na hilo halihitaji milioni nne.

Wewe wa Tanga pia huhitaji kuelezwa kwamba giza la mwezi lina pande mbili. Wavuvi wa dagaa kwa taa hulisubiri giza hilo. Mbalamwezi ikiwa kali samaki hawakusanyiki vizuri kwenye taa. Na ukienda kwa wazee wa Pwani utakuta nao wana hesabu zao za nyota, jina la mtoto pamoja na la mama yake, na siku za mkosi ambazo mtu hasafiri. Ba si kituko. Kila upande wa familia yako una bibi aliyewahi kuogopa siku fulani.

Umeniuliza kama ni kweli. Nitakueleza ninavyoona, nawe uko huru kuona vingine. Tithi ziko 30, kwa hiyo takribani mtoto mmoja kati ya 30 huzaliwa amas. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania, gawanya, utapata zaidi ya milioni mbili. Humo wamo mahakimu, wapiga debe, wacheshi, matajiri na mafukara. Huko India kwenyewe, mwanafizikia wa anga Jayant Narlikar na wenzake walifanya jaribio ambalo limegusa swali lako lenyewe. Walikusanya taarifa za kuzaliwa za watoto 200, mia wenye vipaji darasani na mia wenye ulemavu wa akili, wakawaomba wanajimu waseme nani ni nani. Wanajimu 27 walirudisha majibu, kila mmoja akiwa amepewa karatasi 40. Wastani wa waliyopatia ulikuwa asilimia 46, wakati kurusha shilingi kungewapa 50. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwangu mimi hilo linatosha kunizuia nisimpime mtoto wa darasa la kwanza kwa karatasi ile. Kwa Ba halitatosha hata kidogo, na ukimtupia jaribio hilo mezani utakuwa umeanzisha vita ya mkwe na mama mkwe. Asilimia 46 zitasahauliwa, maneno mtakayotupiana hayatasahauliwa.

Sasa naomba usome tena barua yako, pale ulipoutaja ule usiku. Umesema umejifungua saa nane na robo usiku, na kulipokucha Ba akaja na uji. Kwenye karatasi imeandikwa 20:15. Mwanangu, saa nane na robo usiku yetu ni 02:15. Hiyo 20:15 ni saa mbili na robo usiku, wakati watu wanatazama taarifa ya habari. Nadhani ulimtajia Ba saa ya Kiswahili, akampa mnajimu nane ileile kwa Kigujarati, na huko nane ya usiku ni nane ya usiku. Kwa tarehe hiyohiyo, tofauti ni saa 18.

Kwa watu wa nyota, hilo ni kubwa. Rashi inayochomoza mashariki hubadilika kila baada ya saa mbili hivi, na vyumba vyote kumi na viwili huhesabiwa kuanzia hapo. Kwa kukadiria tu, mtu aliyezaliwa Dar es Salaam 20:15 Jua likiwa katikati ya Karka, hiyo Karka huangukia chumba cha sita, kama mlivyoambiwa. Kwa 02:15 ingeangukia karibu na chumba cha tatu, ambacho kwao ni cha ndugu, ujasiri na juhudi ya mtu mwenyewe. Magonjwa, madeni na maadui yale yaliyomliza Ba yalitokana na chumba ambacho pengine si chake. Amas yenyewe nayo ina mashaka, kwa sababu katika saa 18 Mwezi husogea karibu nyuzi tisa ukilinganisha na Jua, na tithi nzima ni 12.

Najua moyo wako umeruka hapo. Tulia kidogo. Ukimwambia Ba "umekosea saa," na yeye akapiga simu tena, huenda jibu jipya likawa jepesi. Huenda pia ikaonekana mtoto alizaliwa chaudas, siku inayotangulia amas, na vitabu vyao vina shanti ya siku hiyo nayo. Au bado ni amas ileile. Kwa hiyo kabla hujairekebisha saa, jiulize ungefanyaje na kila jibu. Kama jibu zuri ungelipokea kwa furaha na baya ungelikataa, basi unatafuta faraja, si hukumu, na hakuna ubaya kutafuta faraja, ila ujue ndicho unachotafuta. Na kama jibu baya lingekurudisha kwenye video za usiku, labda karatasi ya pili isitengenezwe kabisa. Upande mwingine, kunyamaza huku unajua saa si sahihi nako kuna bei yake: mnaweza kulipa milioni nne kutuliza mkutano wa sayari ambao haumo kwenye chumba kilichosemwa, na siku Ba akigundua kwamba ulijua, atauliza kwa nini hukumwambia. Mimi ningeanza kwa kumwambia mume wako, mkiwa wawili.

Na hapo ndipo nafika kwenye ile aibu yako. Unasema kama mnajimu amepatia kuhusu sauti yako kuzimwa, huenda amepatia yote. Twende polepole. Alisema mama wa mtoto huyu atafunikwa na baba. Ni wanawake wangapi unaowajua, walioolewa, wanaoishi na mama mkwe, walioacha kazi ili walee, ambao wangeisikia kauli hiyo wasitetemeke? Angempigia jirani yako wa Kikristo aliyeolewa na Mkristo, naye angetetemeka. Kauli hiyo imekuingia kwa sababu jambo lenyewe lilikuwepo nyumbani kabla karatasi haijafika. Karatasi imekupa tu namna ya kulisema bila kumlaumu mtu.

Lisemwe basi kwa jina lake. Maamuzi ya mwanao yanafanywa kwa lugha usiyoielewa, na aliyebeba lugha zote mbili ni mume wako. Amekutafsiria nusu. Anapokuambia "fanya tu tumalize," anakukabidhi wewe ugomvi ulio kati yake na mama yake, kwa sababu ni yeye aliyekataa janmakshar tangu mwanzo na sasa hataki kuonekana. Sisemi ni mtu mbaya. Mtu aliyefunga duka lake na kuajiriwa kwa mjomba huenda naye amechoka, na huenda, usishangae, anaogopa kwamba mnajimu amesema kweli. Umewahi kumwuliza yeye anaamini nini? Katika barua yote najua anachoamini Ba, najua anachoamini mama yako, nimeona hata video zako. Yeye sijui.

Kuhusu puja, sitakuamulia. Nitakuonyesha ninavyoyaona mashimo yalipo.

Ukikubali, nyumba itatulia, presha ya Ba itashuka, na mtoto atakuwa amezungukwa na watu wanaomwombea, jambo ambalo halijamdhuru mtoto yeyote. Lakini ataona. Ana miaka saba. Ataona ibada imefanywa juu yake, atavaa pete ambayo wenzake hawana, na mwalimu akimwuliza swali wiki inayofuata akanyamaza tena, kuna atakayesema ibada haikukamilika. Basi kama mtakubali, kubalianeni kabla ni mara moja, ni bei gani, na mtoto ataambiwa ni ya nini. "Tunakuombea baraka" ni sentensi. "Tunakuondolea mkosi" ni sentensi nyingine kabisa, na atazikumbuka akiwa mkubwa. Na hizo milioni nne zitoke wapi? Kama ni mkopo, mtakuwa mmeutimiza utabiri wa ufukara kwa mkono wenu. Omba mchanganuo, vitu vingine huwa vinapungua vikiulizwa.

Ukikataa, utakuwa umelinda dhamiri yako na heshima ya mama yako. Gharama yake unaijua: homa yoyote itakayompata mtoto mpaka aoe itakuwa na jina lako. Unaweza kuibeba? Wako wanaoweza, tena vizuri, kwa sababu mume amesimama nao. Ukiwa peke yako ni mzigo mwingine.

Iko njia ya katikati ambayo nimeona familia mchanganyiko wakiitumia. Sehemu ya dawa za Mwezi kwao ni kutoa vitu vyeupe siku ya Jumatatu: mchele, maziwa, kitambaa cheupe, wapewe wenye shida. Ba anaweza kufanya hivyo na mjukuu wake akabeba mfuko wa mchele, nawe ukaenda nao, maana kumpa mwenye njaa mchele hakuna kanisa litakalokukemea. Lulu ikasubiri. Hata hivyo sikufichi kwamba njia hii nayo ina ufa: ukianza kukubali kidogo, unaweza kuwa umekubali msingi wenyewe, kwamba mtoto ana kitu cha kutulizwa. Wewe ndiye unayeishi humo ndani, utajua kama Ba ataridhika na mchele au atauchukua kama hatua ya kwanza.

Mama yako wa Tanga naye asiachwe na simu ya hasira tu. Anaogopa kumpoteza mjukuu kwa imani nyingine, na hilo ni jambo la kuzungumzwa waziwazi, pengine na mchungaji unayemwamini, kuliko kuzungumzwa kwa kupitia pete.

Ukitaka mlango wa kuongea na Ba, muulize habari zake. Muulize kama aliweka karatasi tupu na kalamu karibu na kitanda cha mtoto usiku wa sita, kama desturi yao ilivyo, ili Vidhata aje kuandika majaliwa yake. Muulize yeye mwenyewe aliambiwa nini kwenye janmakshar yake alipoolewa, na yapi yalitokea na yapi hayakutokea. Mwanamke mzee aliyeliona duka la familia likifungwa ana hofu ambazo hazijaanza kwa mjukuu. Huenda ukaletewa hadithi itakayokusaidia kuliko hoja zangu zote.

Hizo video za usiku, ningependa uzipumzishe japo kwa wiki kadhaa. Simu ikishajua unachoogopa, inakuletea hicho hicho.

Mwisho ni jambo ambalo halihitaji ruhusa ya yeyote. Mtoto anayetazama tu akiulizwa swali apimwe masikio. Apimwe na macho. Nyumbani kwenu kuna Kiswahili na Kigujarati, na kama shule yake ni ya Kiingereza, basi ana lugha tatu kichwani, na watoto wengine wa namna hiyo hunyamaza muda mrefu wakipanga neno la kutoa. Mwulize mwalimu: anyamaza akiulizwa mbele ya darasa, au hata akiulizwa pembeni? Ananyamaza kwa Kiswahili pia? Wanaomcheka wamekalishwa wapi? Mpeleke kwa daktari wa watoto, mweleze na hayo ya kuamka usiku, na mume wako aende nanyi. Hili lisisubiri puja wala lisiwe badala ya puja. Ba akitaka kuja hospitali, aje.

Niandikie ukishaongea na baba watoto, hasa uniambie alikujibu nini ulipomwuliza anachoamini yeye. Sitaichapisha barua hiyo usipotaka.

Shangazi